Kutambua Mifupa Kwenye Picha ya Eksirei: Mwongozo Kamili wa Hatua kwa Hatua

Wengi wanaojifunza kusoma picha za eksirei hukwama mahali pamoja. Wanayajua majina. Ukiwapa mifupa ya plastiki mkononi wanaitaja mmoja mmoja bila kusita, lakini picha ikiwekwa kwenye skrini wanaanza kukisia. Kosa si la kumbukumbu. Kosa ni kutaja jina kabla ya kujua picha ilipigwa kutoka upande gani, na kutafuta umbo zima la mfupa mahali ambapo kilichopo ni kingo za vivuli vilivyolaliana.

Picha ya eksirei ni kivuli. Mfupa wenye mbele, nyuma na ubavu umebanwa ukawa bapa, na kila kilichokuwa mbele yake au nyuma yake kimelala juu yake. Kwa hiyo kazi ina mpangilio wake: mwelekeo kwanza, kingo baadaye, kisha hesabu, na jina mwisho kabisa. Fuata hatua hizi kwa zamu hadi zizoeleke.

## Vitu vya kuandaa

Picha mbili za kiungo kilekile, moja ya mbele na moja ya ubavu, zilizopigwa kwa pembe ya nyuzi 90. Picha moja peke yake haitoshi kujifunzia, kwa sababu mfupa uliojificha kwenye picha ya mbele mara nyingi hujitokeza kwenye ya ubavu. Hakikisha jina na namba ya mgonjwa vimefutwa kabla picha haijafika mikononi mwako.

Skrini nzuri, au kisanduku cha mwanga kama ni filamu. Punguza taa za chumba, maana mwanga unaorudi kutoka kwenye kioo hufuta tofauti ndogo za kijivu, na hizo ndizo unazozitafuta. Usijifunzie picha ya skrini iliyopigwa kwa simu.

Mifupa ya plastiki au ya mfano, ya kiungo unachosoma. Hii si ya kupamba meza. Utaishika na kuigeuza mpaka ikae kama picha ilivyo.

Karatasi inayopitisha mwanga na penseli laini, za kuchorea kingo. Kwenye kompyuta tumia zana ya kuchora ya programu, ingawa mkono na penseli hufundisha haraka zaidi.

Rula ya milimita, au zana ya kupimia iliyo ndani ya programu.

Atlasi ya picha za kawaida, yenye watu wazima na watoto wa kila umri. Bila sehemu ya watoto utaona mivunjiko isiyokuwapo.

Onyo moja kabla ya kuanza: usimpige mtu eksirei kwa ajili ya mazoezi, hata mwenzako akijitolea. Mionzi hutumika pale tu matibabu yanapoihitaji. Pia mwongozo huu ni wa kutambua mifupa. Uamuzi kuhusu mgonjwa ni wa daktari na mtaalamu wa radiolojia.

## Hatua ya 1: Jua picha ilivyopigwa

Tafuta herufi iliyotengenezwa kwa madini ya risasi kwenye kona ya picha: R ni kulia, L ni kushoto. Usikisie upande kwa kuangalia umbo la kiungo, kwa sababu picha inaweza kuwa imegeuzwa. Herufi ikikosekana, andika kwamba upande haujulikani, kisha uliza.

Picha ya kifua, ya nyonga na ya tumbo huwekwa kana kwamba mtu amesimama akikutazama. Kulia kwake kuko kushoto kwako. Kila anayeanza hujikwaa hapa, kwa hiyo sema kwa sauti, "huu ni upande wake wa kulia," huku ukiugusa kwa kidole.

Kisha jiulize kama picha ni ya mbele, ya ubavu au ya mshazari, na uhakikishe kama imenyooka:

- Kifua: ncha za ndani za mitulinga zikae umbali sawa kutoka kwenye miiba ya pingili za uti wa mgongo iliyo katikati.
- Nyonga: matundu mawili makubwa ya chini, yaliyo kushoto na kulia kwa kinena, yalingane kwa ukubwa. Tundu moja likiwa jembamba, mtu alilala akiwa amegeukia upande mmoja.
- Goti la ubavu: vifundo viwili vya mwisho wa mfupa wa paja vikaribie kulaliana.
- Kifundo cha mkono cha ubavu: radiasi na ulna, mifupa miwili ya kigasha, zilaliane.

Kwa nini tuhangaike na hili? Kwa sababu mfupa uliogeuzwa kidogo hubadilika umbo. Kichwa cha humerasi, yaani mfupa wa mkono wa juu, kikizungushwa kwa ndani huonekana cha mviringo kama balbu ya taa, na kinundu chake kikubwa hupotea ukingoni. Mkono ukizungushwa kwa nje kinundu hicho hutokeza wazi upande wa nje. Mfupa ni uleule.

Umefaulu ukiweza kushika mfupa wa plastiki mbele ya skrini na kuukalisha kama ulivyo kwenye picha, upande wake ukiwa sahihi, kabla hujataja jina lolote.

## Hatua ya 2: Soma viwango vya weusi na weupe

Picha ya kawaida ina viwango vitano. Hewa ni nyeusi. Mafuta ni kijivu cheusi. Misuli, damu na maji ni kijivu cha kati. Mfupa ni mweupe, na chuma ni cheupe kuliko vyote. Gegedu huangukia kwenye kundi la misuli, kwa hiyo haionekani kama mfupa. Ndiyo maana kwenye kiungo kizima unaona pengo kati ya mifupa miwili. Pengo hilo si tupu, limejaa gegedu.

Ndani ya mfupa wenyewe kuna weupe wa aina mbili. Gamba la nje ni mstari mweupe mkali, mnene katikati ya mfupa mrefu na mwembamba kwenye ncha. Ndani ya ncha kuna mtandao wa nyuzi nyembamba, na katikati ya mfupa mrefu kuna mfereji wa uboho ulio mweusi zaidi.

Mifupa miwili ikilaliana, eneo la pamoja huwa jeupe zaidi kuliko kila mmoja peke yake. Ukiona doa jeupe lenye ukingo mkali, uliza kwanza kama ni mfupa mmoja mnene au ni miwili iliyopandana.

Kwenye kompyuta, ongeza na upunguze mwangaza kabla ya kusema mfupa hauonekani. Ncha za vidole mara nyingi hupotea kwenye weusi na kurudi mwangaza ukirekebishwa.

## Hatua ya 3: Fuata ukingo kwa penseli

Weka karatasi juu ya picha, chagua mfupa mmoja, anza mahali ambapo gamba lake liko wazi kabisa, kisha lifuate bila kuinua penseli mpaka urudi ulipoanzia. Likipita chini ya mfupa mwingine, endelea kwa nukta hadi litokee tena.

Hii ndiyo hatua inayorukwa kuliko zote, na ndiyo inayofundisha kuliko zote. Jicho likitazama kwa jumla hukubali haraka, lakini penseli hukataa kwenda mahali pasipo na mstari. Pale inaposita ndipo penye jambo: mifupa imelaliana, au kuna bamba la ukuaji (ukanda wa gegedu kwenye mfupa wa mtoto), au kuna ufa.

Umefaulu ukiweza kuondoa karatasi na mchoro wako ukasimama wenyewe, kila mfupa ukiwa umefungwa mzunguko wake.

## Hatua ya 4: Hesabu kabla ya kutaja

Mtu mzima ana mifupa 206 kwa hesabu ya kawaida. Huhitaji kuikariri yote kwa pamoja. Hesabu ya kiungo kilicho mbele yako inatosha:

- Mkono kuanzia kifundo hadi ncha za vidole: mifupa 27, yaani 8 ya kifundo, 5 ya kiganja na 14 ya vidole.
- Wayo: mifupa 26, yaani 7 ya nyuma na katikati, 5 mirefu na 14 ya vidole.
- Uti wa mgongo: pingili 7 za shingo, 12 za kifua na 5 za kiuno, kisha sakramu (mfupa mpana ulio chini ya kiuno) na kifandugu.
- Mbavu: jozi 12.

Kidole gumba kina mifupa 2 badala ya 3, na hali kadhalika kidole gumba cha mguu. Hesabu ikipungua kwa mtu mzima, kuna mfupa umejificha nyuma ya mwingine. Ikizidi, ama ni mtoto, ama kuna kifupa cha ziada, ama kipande kimevunjika. Usiende mbele mpaka hesabu itimie.

## Hatua ya 5: Taja majina ukianzia kwenye nanga

Kila kiungo kina mfupa mmoja au miwili isiyoweza kuchanganywa na mingine. Iite nanga. Uitambue kwanza, kisha tembea kwa jirani zake.

### Kifundo cha mkono

Hapa ndipo penye mkanganyiko mkubwa, kwa hiyo nenda taratibu.

Kwenye kigasha, radiasi iko upande wa kidole gumba na ndiyo pana zaidi karibu na kifundo. Ulna iko upande wa kidole cha mwisho na ina kichwa kidogo. Kwenye kiwiko mambo hugeuka: ulna ndiyo kubwa, radiasi ndogo.

Nanga ya mifupa minane ni kapitati. Ndiyo kubwa kuliko yote, imekaa katikati, kichwa chake cha mviringo kimeelekea kigasha, na upande wa pili imeegemewa na mfupa wa kiganja wa tatu, ule unaobeba kidole cha kati. Fuata mfupa wa kidole cha kati kurudi kwenye kifundo, nawe utafika kwenye kapitati.

Kutoka hapo rudi upande wa kigasha. Kichwa cha kapitati kimekalia lunati. Kwenye picha ya mbele lunati huonekana yenye pande nne. Ikionekana kama pembetatu, tazama picha ya ubavu mara moja, kwa sababu umbo hilo ni dalili inayojulikana ya lunati iliyoinama au kuhama.

Upande wa kidole gumba wa lunati ipo skafoidi, ndefu kidogo, yenye kiuno kama mashua iliyobanwa katikati. Upande wa kidole cha mwisho ipo trikwetrumu, na juu yake imelala pisifomu, duara dogo kama punje ya njegere. Hizi mbili hulaliana kwenye picha ya mbele, na ndiyo sababu wengi huhesabu mifupa saba. Tafuta duara jeupe zaidi ndani ya trikwetrumu, hesabu yako itatimia.

Safu ya pili ni rahisi ukishaijua kapitati. Upande wa kidole cha mwisho ipo hamati, yenye kiduara au yai dogo la mstari mweupe ndani yake. Kiduara hicho ni ndoano ya hamati inayotazamwa kwa ncha, si ugonjwa. Upande wa pili wa kapitati ipo trapezoidi ndogo, iliyobeba mfupa wa kiganja wa pili, kisha trapeziamu, iliyobeba mfupa wa kidole gumba. Hizi mbili pia hulaliana, na picha ya mshazari huzitenganisha vizuri.

Sasa hakiki kwa matao matatu. La kwanza linafuata ukingo wa skafoidi, lunati na trikwetrumu unaotazama kigasha. La pili linafuata ukingo wa mifupa hiyohiyo unaotazama vidole. La tatu linafuata vichwa vya kapitati na hamati. Yote matatu yapite laini bila kuvunjika, na mapengo kati ya mifupa yawe karibu sawa, takriban milimita 2. Pengo la skafoidi na lunati likizidi milimita 3, mwite mtaalamu alitazame.

Kwenye picha ya ubavu tafuta jambo moja tu mwanzoni: radiasi, lunati, kapitati na mfupa wa kiganja wa tatu vikae kwenye mstari mmoja. Lunati ni kikombe kilichobeba kichwa cha kapitati, nayo radiasi ni kikombe kilichobeba lunati. Mengine yote yamelaliana, usipoteze muda nayo.

### Kiwiko

Nanga ni ncha ya kiwiko, ile sehemu ya ulna unayoiegemeza mezani. Kwenye picha ya ubavu inaonekana kama mdomo ulioikumbatia humerasi.

Kwenye picha ya mbele, humerasi inaishia kwa sehemu mbili. Upande wa nje, yaani upande wa radiasi, kuna kirungu cha mviringo kiitwacho kapitelamu. Upande wa ndani kuna troklea yenye umbo la roda, iliyokaliwa na ulna.

Mistari miwili itakuongoza. Chora mstari katikati ya shingo ya radiasi: kwenye kila picha, iwe ya mbele au ya ubavu, uende ukapite ndani ya kapitelamu. Chora wa pili ukifuata ukingo wa mbele wa humerasi kwenye picha ya ubavu: ukipita chini, ukate theluthi ya katikati ya kapitelamu. Kwa mtoto mdogo sana mstari huu wa pili unaweza kupita mbele kidogo zaidi.

Angalia pia mafuta. Kiwiko kikiwa kimekunjwa nyuzi 90, kijivu cheusi chembamba mbele ya humerasi ni cha kawaida. Kikionekana nyuma ya humerasi, kiungo kimejaa majimaji au damu, hata kama huoni ufa wowote.

### Bega

Nanga ni mtulinga. Ufuate hadi mwisho wake wa nje, utakutana na akromioni, paa la bega, ambalo ni sehemu ya kombe la bega. Chini ya mtulinga kuna ncha nyingine ya kombe hilohilo iliyopinda kama kidole, iitwayo korakoidi. Kichwa cha humerasi kikae kikitazama kikombe kidogo cha kombe la bega.

Kwenye picha ya mshazari ya kombe, mfupa huo huchora herufi Y. Kichwa cha humerasi kikae pale matawi yanapokutana.

### Nyonga

Hapa mifupa ni mikubwa na jina si shida. Shida ni mistari. Nanga ni kichwa cha mfupa wa paja ndani ya kikombe cha nyonga. Kinundu kikubwa cha mfupa wa paja kiko nje na juu, kidogo kiko ndani na chini. Mguu ukiwa umezungushwa kwa nje, kinundu kidogo hutokeza zaidi.

Chora tao moja: anza ukingo wa ndani wa shingo ya mfupa wa paja, panda, kisha uendelee kwenye ukingo wa chini wa tawi la juu la kinena, unaofanya dari ya lile tundu kubwa. Tao hilo liwe laini. Linganisha kila kitu na upande wa pili, maana nyonga inakupa mfano wa kulinganishia ndani ya picha ileile.

### Goti

Fibula, mfupa mwembamba wa mguu chini ya goti, ndiyo nanga: iko upande wa nje daima, na kichwa chake hakifiki kwenye kiungo chenyewe cha goti. Ukiijua, umejua nje na ndani. Vilima viwili vidogo katikati ya uso wa tibia, mfupa mkubwa ulio kando ya fibula, ni vya kawaida. Kifuu cha goti kwenye picha ya mbele ni kivuli kilichofifia kilicholala juu ya mfupa wa paja, na wengi hukisahau kabisa. Kwenye picha ya ubavu kinasimama wazi.

### Wayo na kifundo cha mguu

Nanga ni mfupa wa kisigino, na juu yake talusi, iliyobanwa kati ya tibia na fibula. Mbele ya talusi kuna navikula, na mbele ya kisigino kuna kuboidi. Mbele ya navikula zimepangwa kunifomu tatu. Hiyo ndiyo saba.

Kwenye picha ya mbele ya wayo, hakikisha ukingo wa ndani wa mfupa mrefu wa pili unanyooka na ukingo wa ndani wa kunifomu ya kati. Mstari huu mmoja huokoa wayo wa mtu, kwa sababu kuhama kwa eneo hili ni kudogo na hupitwa kwa urahisi. Upime kila mara.

### Uti wa mgongo

Kwenye picha ya mbele ya kiuno, kila pingili ina vikonyo viwili, yaani vishikizo vifupi vya mfupa vinavyounganisha mbele na nyuma ya pingili, vinavyoonekana kama macho ya bundi, na mwiba wake katikati ni kama mdomo wa ndege huyo. Jicho moja likikosekana, simama na umwonyeshe mtaalamu.

Kuhesabu: anza kwenye pingili ya mwisho yenye ubavu, ambayo kwa kawaida ni ya 12 ya kifua, kisha shuka. Wapo watu wenye pingili ya mpito kati ya kiuno na sakramu, na kwao hesabu ya kutoka chini pekee hudanganya. Mpaka wa shingo na kifua una alama nzuri: mabawa ya pingili ya saba ya shingo yameinamia chini, ya pingili ya kwanza ya kifua yameinuka juu.

Picha ya ubavu ya shingo haijakamilika mpaka uone ukingo wa juu wa pingili ya kwanza ya kifua. Ikiishia kwenye ya sita, usiseme umeisoma. Fuata mistari minne: mbele ya pingili, nyuma ya pingili, mstari wa nyuma wa mfereji wa uti, na ncha za miiba. Mitatu ya kwanza ipinde laini. Wa nne huwa na mawimbi kidogo.

### Mbavu

Sehemu za nyuma za mbavu hulala karibu mlalo na huonekana wazi. Sehemu za mbele huteremka kwa mshazari na kuishia ghafla, kwa sababu kinachoendelea hapo ni gegedu isiyoonekana. Anza na ubavu wa kwanza, wenye mkunjo mkali na mfupi chini ya mtulinga, kisha shuka ukihesabu za nyuma pekee. Ukichanganya mbele na nyuma hesabu itaharibika.

## Hatua ya 6: Uliza umri

Mfupa wa mtoto haujakamilika kugeuka mfupa. Sehemu kubwa bado ni gegedu, kwa hiyo picha inaonyesha vipande vilivyotengana na mapengo meusi katikati. Mapengo hayo ni mabamba ya ukuaji.

Jua yanapokaa. Kwenye vidole, bamba liko kwenye kitako cha kila mfupa. Kwenye mifupa ya kiganja, ule wa kidole gumba una bamba kwenye kitako, na ya pili hadi ya tano inalo upande wa kichwa. Wayo una utaratibu uleule. Mstari mweusi ulio mahali tofauti na hapo unastahili kuchunguzwa.

Mifupa ya kifundo cha mkono huanza kuonekana kwa zamu. Kapitati na hamati hutangulia katika miezi ya mwanzo ya maisha, trikwetrumu hufuata, kisha lunati. Pisifomu huwa ya mwisho, kati ya miaka 8 na 12 hivi. Picha ya mtoto wa mwaka mmoja yenye mifupa miwili tu ya kifundo haina upungufu.

Kiwiko cha mtoto kina viini sita, yaani sehemu ambapo gegedu huanza kugeuka mfupa, na mpangilio wake lazima uukariri: kapitelamu karibu mwaka 1, kichwa cha radiasi karibu 3, kinundu cha ndani cha humerasi karibu 5, troklea karibu 7, ncha ya kiwiko karibu 9, kinundu cha nje karibu 11. Miaka hubadilika kati ya mtoto na mtoto, na wasichana mara nyingi hutangulia. Zamu ndiyo yenye uzito. Ukiona kiini mahali pa troklea lakini kinundu cha ndani hakipo mahali pake, huenda hicho unachokiita troklea ni kinundu kilichong'oka na kuingia ndani ya kiungo. Hili likipitwa mtoto anaweza kubaki na kiwiko kibovu.

## Hatua ya 7: Chuja vinavyodanganya

Vifupa vya ziada. Chini ya kichwa cha mfupa mrefu wa kwanza wa wayo kuna vifupa viwili vya mviringo, na karibu kila mtu anavyo. Nyuma ya goti baadhi ya watu wana kimoja ndani ya kano. Nyuma ya talusi na pembeni mwa navikula pia vinaweza kuwapo. Kipimo ni ukingo: kifupa cha ziada kina gamba laini pande zote, kipande kilichovunjika hivi karibuni kina upande mmoja usio na gamba.

Kifuu cha goti chenye sehemu mbili. Kipande kidogo hukaa kona ya juu ya upande wa nje. Mahali hapo na ukingo laini ndivyo vinavyokitambulisha.

Kitako cha mfupa mrefu wa tano wa wayo. Kwa mtoto mkubwa, kipande cha ukuaji hapa hutengwa na mstari unaokwenda sambamba na urefu wa mfupa. Mvunjiko wa kawaida wa mahali hapa hukata kwa upana. Tazama mstari unaelekea wapi.

Njia za mishipa ya damu. Ni mistari myeusi myembamba inayopita kwa mshazari ndani ya gamba la upande mmoja tu. Kwenye mkono huelekea kiwiko, kwenye mguu hukimbia goti.

Mstari wa kulaliana. Pale ukingo wa mfupa mmoja unapopita juu ya mwingine, jicho huona mstari mweusi usiokuwapo. Ufuate: ukiendelea nje ya mfupa unaodhani umevunjika, ni ukingo wa kitu kingine.

## Hatua ya 8: Jipime

Chukua picha usiyowahi kuiona, funika maelezo yake, na uandike kwa mpangilio uleule: upande, mwelekeo, umri unaokisiwa, hesabu, majina kuanzia nanga, mistari uliyoipima, na chochote kisichokaa sawa. Kisha fungua ripoti ya mtaalamu wa radiolojia na ulinganishe mstari kwa mstari.

Kifundo cha mkono kizuri cha mtu mzima kikikuchukua dakika mbili, mifupa minane yote ikiwa imetajwa na matao matatu yamechorwa, hamia kwenye kiwiko cha mtoto. Ukikosea mfupa uleule mara tatu, rudi kwenye hatua ya 3 na uuchore ukiwa peke yake kwenye picha kumi za watu tofauti, mfupa wa plastiki ukiwa kwenye mkono wako wa pili.